Tarumbeta la Kupewa: Maisha ya Hugh Masekela

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita mbele ya vijana wetu wa matarumbeta, wazazi wao na wapigaji wa zamani. Wengi walikuwa safarini au kazini, wakaomba niiandike yote. Nimeiandika kama nilivyoisema.

Wazee wangu, kina mama, kina baba, wapigaji wenzangu, na ninyi wanangu mliokaa hapa mbele na matarumbeta magotini, asanteni kwa kuja.

Naomba nianze na hili nililolishika mkononi. Wanangu wanalijua. Limebonyea ubavuni. Kitufe cha pili kinakwama asubuhi mpaka ulipashe moto kwa pumzi. Hapa chini kwenye mpindo limelehemiwa mara tatu, na ukipitisha kidole unasikia vinundu vya lehemu. Nilipewa nikiwa na miaka 13, na mzee mmoja aliyekuwa anapiga kanisani. Hakuniuzia. Aliniambia, "Shika. Siku ukichoka nalo usilitundike ukutani, mpe mwingine." Nimelipigia harusi nyuma ya gari la wazi, jua la mchana likiwaka, bibi harusi akiwa gari la mbele. Nimelipigia misiba. Na kila nikilifuta kwa kitambaa nakumbuka kwamba ni la kupewa.

Leo nataka kuwasimulia habari za mtu mwingine aliyepewa tarumbeta. Mtu huyo ni Hugh Masekela wa Afrika Kusini, mpigaji, mtunzi na mwimbaji, aliyefariki Johannesburg tarehe 23 Januari 2018 akiwa na miaka 78. Alipiga kwa zaidi ya miaka 60. Watu wanamsimulia kama nyota wa jazi, na ni kweli alikuwa nyota. Mimi namwona zaidi kama mtu aliyepewa, akapewa, akapewa tena, na hakusahau hata mara moja nani alimpa.

Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1939 huko Witbank, mji wa makaa ya mawe ambao leo unaitwa Emalahleni. Alilelewa na bibi yake. Bibi huyo alikuwa anauza pombe kwa kificho, maana sheria za wakati ule zilimkataza Mwafrika kununua vileo vya dukani kama mzungu. Wateja wake walikuwa wachimbaji wa migodini. Mwisho wa wiki wanakuja, wanakunywa, wanaimba nyimbo za makwao, wanalia. Mtoto Hugh yupo pembeni anasikiliza. Naomba mlishike hilo la bibi na wachimbaji, nitalirudia.

Akiwa kijana mdogo alipelekwa shule ya St Peter's, Rosettenville, Johannesburg. Alikuwa mtundu, wa kuitwa ofisini kila mara. Kasisi wa shule alikuwa Mwingereza, Padri Trevor Huddleston, adui mkubwa wa ubaguzi wa rangi. Siku moja padri akamuuliza: mwanangu, unataka nini hasa maishani ili utulie? Hugh alikuwa ametoka kuona filamu ya mwaka 1950 ambayo Kirk Douglas aliigiza kama mpiga tarumbeta, na sauti yenyewe ya tarumbeta ilipigwa na Harry James. Akajibu kwamba akipata tarumbeta, hatamsumbua mtu tena.

Sasa jiulizeni, wazazi wenzangu. Mtoto mtundu anakuomba kitu cha kupigia kelele. Wangapi kati yetu tungempa?

Padri alimpa. Akamtafutia na mwalimu, mzee waliyemwita Uncle Sauda, aliyekuwa anaongoza bendi ya matarumbeta ya Waafrika ya manispaa ya Johannesburg. Wanafunzi wengine walipoona, nao wakataka. Mmoja wao, Jonas Gwangwa, akapata tromboni. Ikazaliwa bendi ya vijana iliyoitwa kwa jina la padri mwenyewe, Huddleston Jazz Band.

Mwaka 1956 Huddleston alirudi Uingereza, akiitikia wito wa shirika lake la kidini. Katika safari zake alipita Marekani, akakutana na Louis Armstrong, mfalme wa tarumbeta, akamweleza habari za wale watoto wa Johannesburg. Armstrong akatuma tarumbeta. Tarumbeta la Armstrong, wanangu! Likavuka bahari mpaka mikononi mwa kijana wa miaka 17. Mpigapicha Alf Kumalo alimpiga picha siku hizo: Hugh ameruka juu hewani, miguu imeacha ardhi, mdomo wazi kwa kicheko, tarumbeta mkononi. Kama hamjaiona picha hiyo, itafuteni.

Na hapa pana jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Padri huyo mnajua alikwenda wapi baadaye? Mwaka 1960 aliwekwa kuwa Askofu wa Masasi. Masasi yetu hii hii, Kusini. Alikaa huko mpaka mwaka 1968, akaiona Tanganyika ikipata uhuru na akawa rafiki wa Mwalimu Nyerere. Nimewahi kukutana na wazee wa Masasi waliokuwa wanamkumbuka Askofu Huddleston vizuri kabisa, lakini hawakuwahi kusikia kwamba kabla ya kubariki watoto wao alikuwa amemkabidhi Masekela tarumbeta.

Nitapita haraka kwenye miaka iliyofuata. Serikali ya makaburu ilianza kuubomoa mtaa wa Sophiatown mwaka 1955, mtaa ambao ndio ulikuwa nyumba ya jazi ya Waafrika. Mwaka 1959 Masekela alipiga kwenye okestra ya mchezo wa muziki ulioitwa King Kong. Akaunda kundi la Jazz Epistles pamoja na Gwangwa, Kippie Moeketsi kwenye saksafoni na Dollar Brand kwenye piano, yule ambaye leo dunia inamjua kama Abdullah Ibrahim. Januari 1960 wakarekodi albamu, na inahesabiwa kuwa ya kwanza ya bendi ya jazi ya Waafrika nchini mwao. Miezi miwili baadaye, tarehe 21 Machi 1960, polisi wakawapiga risasi waandamanaji Sharpeville, wakafa watu 69. Ikatangazwa hali ya hatari, na mikusanyiko ikapigwa marufuku. Bendi ya watu sita itampigia nani, kama watu hawaruhusiwi kukusanyika?

Huddleston na wenzake wakasaidia tena. Masekela akatoka nchini, akapita London, akafika New York. Waimbaji Miriam Makeba na Harry Belafonte wakamshika mkono, akasoma Manhattan School of Music. Alikuwa na miaka 21. Alidhani anaondoka kwa muda. Alikaa nje miaka 30.

Sasa nisikilizeni ninyi vijana, hili ni lenu. Huko New York Masekela alijikuta mjini kwa mabingwa aliokuwa anawasikia kwenye sahani za santuri tu. Dizzy Gillespie yupo. Miles Davis yupo. Kila kona kuna mpiga tarumbeta anayekimbiza noti kuliko upepo. Na yeye alitaka nini? Alitaka kupiga kama wao. Alikuwa amejifunza kwa kuwaiga, mstari kwa mstari, kama ninyi mnavyoiga kutoka kwenye simu. Miles akamwambia, kwa ule ukali wake, kwamba akipiga jazi ya Kimarekani atakuwa mmoja tu kati ya maelfu, lakini akitia ndani yake mambo ya kwao, atakuwa na kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Belafonte alimpa ushauri wa aina hiyo hiyo.

Mambo ya kwao. Ni yapi? Ni ya kwa bibi! Ni zile nyimbo za wachimbaji. Ni mbaqanga, ni marabi, miziki ya mitaani ya kwao, ni kwaya za kanisani, ni ngoma za harusi. Alikuwa amesafiri nusu ya dunia kwenda kuambiwa kwamba alichokuwa anakitafuta amekiacha sebuleni kwa bibi yake.

Mnajua kilichofuata. Mwaka 1968 alikuwa studio, albamu ina nafasi imebaki, wakatia wimbo mfupi wa ala tupu uliotungwa na Philemon Hou, Mwafrika Kusini mwenzake. Unaanza na kengele ya ng'ombe. Kengele ile ile ya malishoni. Kisha tarumbeta linaingia polepole, halina haraka, kama mtu anayerudi nyumbani jioni na mifugo yake. Julai 1968 wimbo huo, "Grazing in the Grass", ukashika namba moja Marekani na kukaa hapo wiki mbili. Hakuna mwimbaji ndani yake. Ni tarumbeta na kengele. Nimewapigisha wanangu wimbo huo mwezi mzima uliopita, na nimewakataza kuukimbiza. Anayeukimbiza hajawahi kuchunga.

Angeweza kukaa Marekani akala matunda ya jina. Hakukaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alirudi Afrika, ingawa kwao alikuwa hawezi kukanyaga. Akaenda Guinea, Liberia, Nigeria kwa Fela Kuti, Ghana kupiga na vijana wa Hedzoleh Soundz. Na mwaka 1974 yeye na rafiki yake Stewart Levine wakaandaa tamasha kubwa Kinshasa, liende sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa mpaka tarehe 30 Oktoba, lakini muziki haukusubiri. Tarehe 22 mpaka 24 Septemba, kwenye uwanja mmoja, walipanda James Brown, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz, Miriam Makeba, na upande wa wenyeji Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley na Afrisa, Abeti Masikini. Wazee wangu wa dansi mlioko hapa, naona mnatikisa vichwa. Franco na James Brown tamasha moja! Na mmoja wa walioliandaa alikuwa mjukuu wa muuza pombe wa Witbank.

Lakini wimbo ninaotaka tukae nao leo ni "Stimela". Uko kwenye albamu yake ya mwaka 1974. Stimela maana yake ni treni, gari moshi. Unaanza kwa mdundo wa magurudumu, halafu Masekela haimbi, anazungumza. Anazitaja nchi ambako treni ile inawatoa vijana na wazee kuwapeleka kwenye migodi ya Johannesburg: Namibia, Malawi, Zambia, Zimbabwe, Angola, Msumbiji, Lesotho na nyingine. Anasimulia wanavyochimba chini kabisa ya ardhi kwa ujira wa karibu bure. Kisha analia kama king'ora cha treni, kwa koo lake mwenyewe, anatoa mvuke kwa meno. Na ndipo tarumbeta linapoingia.

Nataka mniambie: wimbo huo unamhusu Mwafrika Kusini peke yake?

Wale wenye asili ya Rungwe na Kyela wanajua jibu. Wazee wa kule walikwenda Wenela. Neno hilo lilikuwa la kawaida, fulani kaenda Wenela, lilikuwa jina la lile shirika la kuandikisha vibarua wa migodi. Vijana wa kusini mwa Tanganyika waliandikishwa wakapelekwa Afrika Kusini mpaka miaka ya uhuru, serikali yetu ilipokata uhusiano huo. Kuna waliorudi na baiskeli, blanketi na kikohozi. Kuna ambao hawakurudi. Nilipowasikilizisha wanafunzi "Stimela" kwa mara ya kwanza, mzazi mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe alisimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha. Kisha akasema babu yake aliondoka na treni hiyo kabla baba yake hajajifunza kutembea. Hakuongeza neno. Sikuweza kuendelea na somo siku ile.

Wachimbaji waliokuwa wanalia nyumbani kwa bibi walimpa mtoto huzuni yao. Aliibeba miaka 30 na zaidi, akaitoa kwa tarumbeta. Hicho nacho ni cha kupewa, wanangu. Si chombo tu mtu anapewa.

Miaka ya 1980 alihamia Botswana ili awe karibu na kwao. Kutoka Gaborone mpaka mpakani ni mwendo mfupi tu wa gari. Alipiga, alirekodi, na akasaidia kuanzisha shule ya muziki huko. Aprili 1985, siku ya kuzaliwa kwake, ikamfikia barua iliyotoroshwa kutoka gereza la Pollsmoor. Mwandishi ni Nelson Mandela. Mtu aliye kifungoni tangu mwaka 1962 anamwandikia mwanamuziki kumtakia heri na kumpongeza kwa kazi yake! Masekela alisimulia mara nyingi kwamba alikwenda kwenye piano huku analia, na wimbo ukaja pale pale. Ndio "Bring Him Back Home", uliotoka mwaka 1987. Unamwona Mandela akitembea Soweto mkono kwa mkono na mkewe. Sikilizeni tarumbeta la mwanzoni: halilii, halibembelezi. Linapiga hatua. Tarehe 11 Februari 1990 Mandela alitoka gerezani akitembea kwa miguu, ameshikana mkono na Winnie.

Lakini kabla ya furaha hiyo kulikuwa na Juni 1985. Usiku wa kuamkia tarehe 14 wanajeshi wa makaburu walivuka mpaka wakavamia nyumba Gaborone, wakaua watu 12. Mmoja wao alikuwa msanii wa michoro Thami Mnyele, mwenzake Masekela kwenye kikundi cha wasanii cha Medu. Masekela akalazimika kuhama tena. Mara ngapi mtu anaweza kufukuzwa na bado akapuliza?

Nimefika mahali pagumu, na sitaki kuparuka kwa sababu watoto wapo. Ni kwa sababu watoto wapo ndiyo nasema. Masekela alikuwa mlevi. Pombe kwanza, kisha dawa za kulevya, miaka mingi. Alilisema mwenyewe, kwa kinywa chake na kwenye kitabu cha maisha yake, bila kumsingizia mtu. Ndoa zilivunjika, fedha za ule wimbo wa namba moja zikayeyuka. Mwishoni mwa miaka ya 1990, akikaribia miaka 60, alikwenda kutibiwa, akaacha. Halafu akafanya nini? Akasaidia kuanzisha mpango wa kuwasaidia wanamuziki wenzake walionaswa kama yeye. Sisi wapigaji wa kumbi na harusi tunajua jinsi bia zinavyoletwa jukwaani kama tuzo. Anayekupa anakupenda, anaona umemfurahisha. Nimewazika wapigaji watatu wazuri kuliko mimi kwa tuzo hizo. Vijana, mtu akikuletea chupa jukwaani, mwambie akupe nauli.

Alirudi kwao mwaka 1990. Alipiga mpaka mwisho, zaidi kwa flugelhoni, dada yake tarumbeta mwenye sauti nene na laini. Alikuwa anawasema wazi Waafrika wanaoona haya kwa lugha zao na nywele zao, na alikataa kupiga picha na aliyevaa nywele za bandia. Wengine walikasirika. Mimi naona alikuwa na haki ya kusema, mtu aliyekaa miaka 30 akililia nyumba. Alipougua saratani ya tezi dume aliitangaza, akawahimiza wanaume wakapimwe mapema. Kina baba mlioko hapa, nimeitaja kwa makusudi.

Wiki chache baada ya mazishi yake, tarehe 16 Februari 2018, Rais mpya Cyril Ramaphosa alisimama Bungeni Cape Town kutoa hotuba yake ya kwanza kwa taifa. Akamalizia kwa maneno ya wimbo wa Masekela wa kuomba kutumwa, kutumwa kwa mgonjwa, kwa mlevi, kwa mwenye shida. Thuma mina, nitume mimi. Mpulizaji alikuwa kaburini, na nchi nzima ikawa inaimba maneno yake.

Ndugu zangu, nimeongea sana, na watoto wamekaa muda mrefu. Nina ombi moja. Katika kundi hili watoto ni 14, matarumbeta ni 6. Wanapokezana. Mmoja anapiga, mwingine anashika karatasi ya noti akisubiri midomo ya mwenzake ichoke. Najua mitaa hii ina wapigaji wa zamani. Najua kuna matarumbeta chini ya vitanda, juu ya makabati, kwenye stoo za makanisa, yamefungwa kwa magazeti na hayajapulizwa tangu mzee afariki. Yaleteni. Lililobonyea, lililotoboka, lisilo na kitufe, tunapokea. Fundi wa lehemu tunaye, na spiriti na kitambaa cha kusafishia tutanunua wenyewe.

Na hili langu, wazazi wake nimeshazungumza nao. Binti yangu wa mstari wa pili, njoo ulichukue. Shika kwa mkono wa kushoto, hapo kwenye vitufe. Cha pili kinakwama, kipashe kwanza.